Lenzi Mbili za Baba

Kila siku nikitoka shule nilipitia studio kabla ya kwenda nyumbani. Nilifagia, nikapangusa kioo ambacho watu hujitazama kabla ya kupigwa picha, kisha nikakung'uta kitambaa cha buluu kinachotundikwa nyuma ya kiti. Zamani nilifanya kazi hiyo huku nikiimba. Tangu tumzike Baba niliifanya kimya, na Mama hakuniuliza kwa nini. Yeye mwenyewe alikuwa bado anajifunza kupiga picha za vitambulisho. Kila mteja aliyeingia alianza kwa kusema, "Pole, mama," ndipo akaeleza alichofuata.

Juu ya paa la studio kulikuwa na sanduku la chuma lenye dirisha la kioo. Ndani yake Baba alikuwa ameweka kamera iliyotazama mteremko wa mlima ulio nyuma ya mtaa wetu. Ilijipigia picha yenyewe kila nusu saa, tangu kunapokucha mpaka jua linapozama. Ukizipitisha picha hizo kwa kasi kwenye kompyuta, unaona mwezi mzima ukipita kwa dakika moja: mawingu yanakimbia, vivuli vinazunguka, nyasi zinakauka.

Lakini Baba hakuzipiga ili zipendeze. Mteremko ule ulikuwa na ufa, na chini yake kulikuwa na nyumba kumi na tisa. Mpima ardhi alikuwa amechomeka vigingi vyeupe kwenye udongo. Alitaka kuona kwenye picha kama vigingi vinashuka, na kwa kasi gani, ili ijulikane kama watu wahame kabla ya mvua kubwa.

Mpima ardhi huyo alikuwa rafiki wa Baba tangu ujana wao. Alikuwa mrefu, mwembamba na amenyooka, hivyo watoto wa mtaa walimwita Bwana Rula. Alilijua jina hilo na hakukasirika.

Wiki ya tatu baada ya mazishi alikuja studio.

"Shemeji," alimwambia Mama, "picha zote ninazo, ila zina upungufu mmoja. Kila picha hubeba maelezo yake: tarehe, saa na kamera. Sehemu ya lenzi ni tupu. Lenzi za marehemu ni za kizamani, haziwezi kuiambia kamera zenyewe ni zipi."

"Aliandika kwenye daftari," Mama alisema. "Kila alipopanda juu aliandika."

"Basi tuhamishe kutoka daftarini. Lenzi moja huvuta mlima karibu, nyingine huusogeza mbali. Nisipojua ni ipi, nitapima hewa." Akanigeukia. "Huyu si ndiye mtaalamu wa kompyuta wa nyumba hii?"

"Nitajaza, baba mdogo," nilimjibu.

"Siku kwa siku, lakini. Usiruke."

Mama alinipa daftari likiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kurasa za mwanzo zilikuwa safi. Baba alikuwa ameandika kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima: "Jumatatu. Lenzi ya milimita thelathini na tano. Mvua kidogo. Nimefuta kioo." Nilijaza siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Nilipofika katikati, niliona herufi zimeanza kulala. Ukurasa uliofuata zililala zaidi, na mstari mmoja ulishuka mpaka pembeni ya karatasi, kama mtu aliyekosa pa kushika. Nililifunga daftari. Nilikaa nikiwa nimeweka mkono juu yake.

Wakati huo Chiriku alisimama mlangoni. Alikuwa rafiki yangu, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwenye mteremko.

"Wewe bado tu? Wenzio tumeshagawana timu, na mimi nimekuweka upande wangu. Nisiaibike!"

"Nina kazi ya Bwana Rula."

"Kazi gani ya kuandika namba ileile kila siku?" Aliinama akatazama kompyuta. "Thelathini na tano, thelathini na tano, thelathini na tano. Hata kasuku angeshachoka."

Niliitazama programu. Ilikuwa na kitufe cha kuchagua picha zote kwa pamoja. Picha zilikuwa elfu tatu na mia sita na kitu. Nilizichagua zote, nikaandika 35, nikabonyeza. Kompyuta ilifikiri kidogo, kisha ikasema tayari.

Nilikwenda kucheza. Timu ya Chiriku ilishinda, lakini sikumbuki nilivyoshangilia.

Siku tatu baadaye nilikuwa nikikung'uta kitambaa Bwana Rula alipoingia. Alivua kofia na kubaki nayo mkononi. Mama alimsogezea kiti, naye hakukaa.

"Shemeji, sijui niseme vipi. Picha za miezi miwili ya mwisho itabidi nizitupe."

"Kwa nini?"

"Lenzi ni ileile mwanzo hadi mwisho, lakini katika zile za mwisho mlima umekwenda mbali. Kama lenzi haikubadilika, basi kamera ndiyo iliyosogezwa. Na kamera ikisogezwa, vipimo vyote vimekufa." Akashusha sauti. "Simlaumu. Alikuwa mgonjwa. Huenda alijikwaa kule juu, akaigusa, asitambue. Wakubwa wataniuliza, na itanibidi niwaambie hivyo."

Mama alikaa yeye kwenye kiti kile. "Alikuwa anapanda ile ngazi kwa mikono na magoti," alisema. "Nilimwambia aache. Akasema watu wa kule chini wanangoja."

"Najua, shemeji."

"Sasa watafanyaje?"

"Itabidi tuanze upya. Na mvua hazitatungoja."

Nilikuwa bado nimekishika kitambaa. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba daftari sikulimaliza ila mimi na kompyuta. Baba hakuwepo kujitetea, na kosa lilikuwa limeshapata wa kulibeba. Lakini nilimwona Mama akitazama juu kwenye dari, upande lilipo sanduku, kwa macho ambayo hakuwa ameyatumia kumtazama Baba hata siku moja. Alikuwa anaanza kuamini kwamba kosa ni la Baba.

"Si Baba," nilisema.

Wote wawili walinigeukia.

"Sikusoma daftari lote. Niliishia katikati. Nikaandika thelathini na tano kila mahali."

Bwana Rula aliiweka kofia mezani. Mama ndiye aliyeuliza, "Kwa ajili ya kucheza?"

"Nilikwenda kucheza, ndiyo. Lakini si kwa ajili hiyo." Nilikiachia kitambaa. "Maandishi yake yalikuwa yanaanguka, Mama. Sikutaka kuyaona."

Mama alifunika uso kwa upande wa kanga. Kisha akaufunua, akasema kwa sauti ya kawaida, "Lete hilo daftari."

Tulisoma watatu, kichwa kwa kichwa. Kurasa mbili tu mbele ya pale nilipoishia, Baba alikuwa ameandika: "Lenzi ya thelathini na tano imeingia kuvu kwa sababu ya unyevu. Nimeweka ya ishirini na nane. Mlima utaonekana mbali. Mpima aambiwe." Kamera haikuwa imesogezwa hata kidogo. Baba alikuwa ameacha ujumbe, na mimi ndiye niliyekuwa mjumbe.

Niliketi kwenye kompyuta nikaanza upya, siku kwa siku. Mama alisoma kwa sauti, mimi nikajaza, Bwana Rula akahakikisha. Kuna mahali sauti ya Mama ilikatika, tukangoja mpaka ikarudi. Wateja wawili walichungulia, wakaona nyuso zetu, wakaenda zao.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache: "Nimesafisha lenzi ya kwanza. Nilitaka kuirudisha. Sikumbuki kama nimeirudisha. Sina hakika." Baada ya hapo palikuwa patupu, na zilibaki siku kumi na moja za picha.

"Siku hizi tutazijuaje?" niliuliza.

"Tafuta kitu kisichotembea," alisema Bwana Rula.

Kwenye kila picha, kando ya mlima, palikuwa na tangi la maji la saruji. Tulilipima upana wake kwenye kioo cha kompyuta kwa rula ya shule. Kwa lenzi ya kwanza lilikuwa pana zaidi, kwa ya pili jembamba. Siku saba tangi lilitoka jembamba. Tukajaza 28. Siku nne zilizobaki zilikuwa za ukungu mtupu. Hapakuwa na tangi, wala mlima.

"Huenda nazo ni ishirini na nane," nilisema. "Niziandike?"

"Unajua?"

"Hapana."

"Basi ziache tupu," alisema Bwana Rula.

Vipimo vilitoka wiki hiyohiyo. Vigingi vilikuwa vinashuka, na mwezi wa mwisho vilishuka kwa kasi mara tatu ya mwanzo. Watu wa nyumba kumi na tisa waliambiwa wahame. Jumamosi niliwasaidia kina Chiriku kubeba vyombo. Kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Tulipofika barabarani aliweka ndoo chini.

"Kwa hiyo ni picha za baba yako ndizo zinazotufukuza."

"Ndiyo," nilisema.

Aliinyanyua ndoo, akaenda. Walihamia kwa ndugu zao mbali, akahama na shule pia. Hatukuagana vizuri, na jambo hilo bado linaniuma.

Mvua zilipokuja, mteremko ulishuka Alhamisi mchana. Ulifunika nyumba nane. Ya kina Chiriku ilikuwemo. Ndani hamkuwa na mtu.

Bwana Rula alikuja kuteremsha sanduku kutoka juu ya paa. Nilimshikia ngazi. Alipofika chini alifuta matope mikononi, akaniuliza kama bado najilaumu. Nilitikisa kichwa kukubali.

"Kujilaumu kidogo si kubaya," alisema. "Lakini ujifunze. Baba yako hakukumbuka, akaandika kwamba hakumbuki. Hilo halikuniharibia kazi, kwa sababu nililiona pengo nikajua pa kuwa mwangalifu. Wewe ulilifunika. Mtu akiacha shimo wazi njiani, anayekuja nyuma hulizunguka. Akilifunika kwa majani, mwenzake hutumbukia. Usijaze usichokijua, mwanangu, hata kama kujua kunauma."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Alilipokea sanduku kutoka kwa Bwana Rula, akaliingiza ndani kwa mikono miwili.