Maswali ya Kwenye Flashi

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, meza ya jikoni iligeuka darasa. Mama alifungua kompyuta yake, na bintiye wa miaka kumi na miwili akakaa mkabala naye kumwuliza maswali. Binti huyo aliitwa Mbishi. Jina alipewa na bibi yake, kwa kuwa hakukubali neno bila kulipinga kwanza.

Mama alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya kuuza tiketi za basi. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kusimamia makontena.

"Siyo yale ya bandarini," alimweleza bintiye. "Haya ni vifurushi vya programu. Hiki kinauza tiketi, kile kinapokea malipo. Kuna msimamizi ndani ya kompyuta anayevipanga, na kimoja kikifa anawasha kingine papo hapo. Mimi natafuta cheti cha kumwendesha huyo msimamizi."

Alikwisha kufeli mara moja. Mkuu wake alimwambia waziwazi kwamba akifeli tena, nafasi ya fundi mkuu itakwenda kwa mwingine.

Siku moja mfanyakazi mwenzake alipita nyumbani, akaweka flashi mezani. "Maswali yenyewe ya mtihani hayo, dada. Wenzako wote wamepitia humo."

"Ondoka nayo," Mama alisema. "Nikifeli, nitafeli kwa kichwa changu."

Yule jamaa akacheka, akaenda zake, flashi akaiacha palepale. Mama akaitupa kwenye droo.

Mbishi alikasirika. Mtu ang'ang'ane vile, halafu akatae msaada! Kesho yake aliichomeka flashi kwenye kompyuta kwa siri, akanakili maswali, na jioni akayauliza kama kawaida.

Mama alijibu la kwanza na la pili. La tatu lilimfanya ainue macho. "Hili halimo kitabuni. Umelitoa wapi?"

Mbishi alikaza shingo. "Kwenye flashi! Na sioni kosa. Wenzako wanaiba, kwa nini uumie wewe peke yako?"

Mama alichukua simu, akaipigia ofisi ya mtihani, akawaeleza kila kitu: maswali yamevuja, na yeye mwenyewe ameshayaona matatu.

"Mama, watakufuta!"

"Wanifute."

Hawakumfuta. Walibadilisha mtihani kwa watahiniwa wote, wakasogeza tarehe mbele. Kazini wenzake walimnunia, hata salamu hawakuitikia, lakini Mama aliingia na kutoka kichwa juu. Nyumbani, aibu ilimla Mbishi. Akaomba afundishwe kuharibu, ili Mama apate cha kutengeneza. Tangu hapo alizima makontena ya mazoezi kwa makusudi, mara hili, mara lile, na Mama akayafufua mpaka vidole vikazoea.

Matokeo yalipotoka, Mama alikuwa amefaulu. Mbishi akamrukia shingoni.

"Lakini kama ungefeli?" aliuliza. Ubishi ulikuwa haujamtoka.

"Ningerudia. Na tena ningerudia," Mama alisema. "Sikiliza, mwanangu. Siku mitambo itakapozima na abiria wamejaa kituoni, hakuna atakayetaka kuona cheti changu. Wataniambia, washa! Jibu la kuiba haliwashi kitu. Mimi sikukatazi ubishi. Wakikuambia kila mtu anaiba, hapo ndipo ubishe, hata ukibaki peke yako."