Maji Yalipewa Kiwanja cha Kwanza

Kila alfajiri, majirani wakiwa bado wanapiga miayo, mtaa mzima ulinukia mkate. Tanuri la mwokaji lilikuwa uani, nalo ndilo lililolisha familia yake. Mji wao ulikuwa na barabara zilizonyooka, na shule ilikuwa karibu. Mwokaji aliusifu kana kwamba aliuchora mwenyewe.

Nyuma ya nyumba zote ulipita ukanda wa nyasi. Mwokaji aliukodolea macho, akasema ardhi nzuri imelala bure. Mkewe akamshauri aulize kwanza. Akajibu kwamba anayeshauriana na nyasi ni mbuzi, si yeye. Basi bwana, akajenga stoo ya unga hapohapo, akauziba ukanda wote.

Mvua kubwa ikaja. Maji yalishuka na ukanda, yakakuta ukuta, yakageukia uani kwake. Tanuri likazimika, unga ukawa uji. Nyumba ya jirani nayo ikalowa. Mwokaji alishika kichwa. Tanuri likipasuka, watoto watakula nini?

Jirani huyo alikuwa mpima ardhi mstaafu. Watu walimwita Mama Kamba, kwa sababu alivuta kamba ya kupimia mji huu ulipokuwa bado pori. Alikuja sketi ameikunja magotini. Mwokaji akamwamkia kwa unyonge, akingoja kutukanwa. Hakutukanwa.

"Mwanangu, unajua hapa tulianza na nini?"

"Barabara, nadhani."

"Tulianza kwa kutembea kwenye mvua, tukaangalia maji yanapita wapi. Maji ndiyo yaliyopewa kiwanja cha kwanza. Zikafuata barabara, shule na soko. Nyumba zetu zilikuja mwisho."

Mwokaji akautazama ukuta wake. "Kumbe nimejenga kwenye kiwanja cha mtu."

"Tena mtu asiyehama," akasema Mama Kamba.

Akamweleza kwamba anayetaka kujenga huenda kwanza ofisi ya mipango miji, aonyeshwe mpaka wake na apewe kibali. Aibu ilimwingia mwokaji mpaka kwenye mifupa. Ukuta alioujenga kwa mikono yake akaubomoa kwa mikono hiyohiyo. Mkewe alibeba matofali bila kusema "nilikwambia", na hiyo, jamani, ni zawadi kubwa katika ndoa. Kisha wakapata kibali, wakajenga stoo ndogo ubavuni mwa nyumba, ndani ya mpaka wao.

Mvua iliyofuata ilizidi ile ya kwanza. Maji yalipita nyuma ya ua, yakateremka hadi bwawa la chini ya mji. Tanuri liliwaka mpaka asubuhi, na mwokaji akaona fahari kuishi katika mji uliofikiriwa hivyo.

Siku moja mgeni aliyehamia mtaani alikuja kununua mkate. Akauliza kama ule ukanda wa nyuma una mwenyewe, maana anatafuta pa kujenga banda la kuku.

"Mwenyewe yupo," mwokaji akamwambia, akimfungia mkate wake. "Alifika kabla yetu sote. Ngoja mvua inyeshe, nikutambulishe."