Kiti Kati ya Thoya na Abigael

Musembi aliitwa Kilifi kutengeneza friji ya duka la sharubati karibu na stendi. Watu wamejaa, blenda zanguruma, maembe yanukia hadi barabarani. Akaingia na ovaroli yake na mkoba wa spana, macho yakatua kwenye meza ya pembeni. Nani pale? Abigael wake! Abigael aliyemwambia kwamba Jumamosi huwa amechoka, hataki kutoka. Kavaa gauni la rangi ya chungwa, nywele kasuka upya, anacheka mpaka machozi, na kijana mmoja anampa kadi mkononi.

Moyo wa Musembi ukafanya pu!

"Kumbe kuchoka kwenyewe ndiko huku?"

"Musembi! Mpenzi, umetoka wapi?"

"Malindi. Na huyu naye katoka wapi?"

"Mimi ni Thoya, mwenye duka," kijana akajibu kwa upole. "Friji ndiyo ile kule, ndugu yangu."

Musembi hakumtazama. "Kwaya unaimba, Abi, na karata unacheza?"

"Si za kamari, hakuna hata shilingi! Nilijua utasema hivyo, ndiyo maana nikanyamaza."

Friji aliitengeneza, bisibisi ikimponyoka kila mara, akaondoka bila kuaga. Siku zikapita simu za Abigael zinalia tu mfukoni. Alipopokea, hata salamu hakutoa.

"Yule Thoya anakupa nini?"

"Kadi, Musembi. Zina majoka, wachawi, mashujaa. Tunakaa duara, kila mtu anafungua pakiti yake, anachagua kadi moja, zilizobaki anampitishia jirani. Hivyo hivyo mpaka ziishe, halafu unapigana na wenzako kwa zile ulizochagua. Ungejua raha yake! Zinanukia upya, mikono yatoka jasho, zote nzuri nawe uchague moja tu, na hujui nini kitakujia baadaye. Nimeanza juzijuzi, nashindwa kila mara, na bado nikilala naziwaza."

"Unaziwaza kadi, ama anayekupitishia?"

"We Musembi!"

"Wazee wangu waje kwenu mwezi ujao, na mchumba wangu anapokea vitu mkononi mwa mwanamume mwingine? Nitawaambia wasije."

Kisha sauti ya Abigael ikaja, imekauka. "Jumamosi njoo ukae mezani. Ukishaona, waambie utakalo."

Akaja. Shati jeupe limepigwa pasi, marashi yametangulia mlangoni. Hakuuliza akae wapi. Akavuta kiti akakibana katikati ya Thoya na Abigael. Kadi zilikuwa zinakwenda kushoto, kwa hiyo chochote atakachopitisha Thoya kitaanza kufika kwake. Ndivyo alivyotaka.

Kila rundo lilipomfikia, alitafuta kadi inayong'aa kuliko zote, akasema moyoni: hii amemwekea yeye. Akaichukua. Joka jekundu, lake. Malkia wa buluu, wake. Jitu la kijani, lake pia. Abigael akabakia na zilizofifia, lakini mtazame! Anauma mdomo, anashika hii, anaiacha, anairudia, kisha anaikumbatia kifuani kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Musembi wivu ukampanda. Hata yeye hajawahi kushikwa hivyo.

Walipofungua pakiti nyingine, Thoya akasema, "Sasa tunageuza. Zinakwenda kulia."

Sasa Musembi akapokea kutoka kwa Abigael. Humo akakuta malaika mwenye mabawa ya dhahabu. Moyo ukalainika.

"Abi, hii umeniwekea mimi?"

"Nikuwekee?" Abigael akacheka. "Mimi nakusanya za kijani na nyeusi, hiyo hainifai. Mtu hupitisha asichokitaka, mpenzi."

Musembi akaitazama tena ile kadi. "Basi alizokuwa akikupitishia Thoya..."

"Makombo yake! Siku zote nala makombo ya Thoya."

"Na leo umeyala wewe," Thoya akamwambia. Walipomaliza kuchagua akachungulia rundo la Musembi. "Mama wee! Rangi zote zipo, kama mtu anayenunulia leso harusi nzima. Rangi nyingi hivi hazitasaidiana, ndugu yangu."

Kweli, alipigwa na kila mtu. Abigael mwenyewe akamshinda, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza. Aliruka hadi kiti kikaanguka.

Nje ya duka Musembi aliinamisha kichwa. "Nimeona haya, Abi. Nisamehe."

"Umeninunia, kisha ukaninyima na kadi zangu." Abigael akamnyoosha kola. "Lakini ile pakiti unayofungua mwenyewe, inakuja imejaa, hakuna mkono uliotangulia. Wewe nilikuchagua hivyo. Kanisani alikuwapo Joram mwenye pikipiki, alikuwapo Kiprop mwenye sauti. Nikakuchukua wewe, hao nikawapitisha."

"Joram alikutaka?"

"Musembi!"

"Nimenyamaza." Akatoa simu, akapiga. "Shikamoo, baba. Mwezi ujao ni mbali mno. Njooni kwa kina Abigael wiki ijayo."

Abigael akamvuta mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Ila isiwe Jumamosi, baba," Musembi akasema. "Jumamosi tuna kadi."