Sweta Isiyokauka

Netta Petrie alisikia maji yakidondoka, na hapo ndipo alipojua kuna jambo.

Miaka ya kusimama katikati ya mashine za kufuma magunia ilikuwa imemmaliza masikio. Kama wafumaji wenzake wote wa mji wa Dundee, alisoma midomo. Birika liliweza kupiga mluzi mpaka likauke, naye asigeuke. Lakini tone hili alilisikia. Lilitoka nyuma ya mlango, ilikoning'inia sweta ya mumewe.

Aliigusa. Mkono mmoja ulikuwa umelowa chepechepe. Akalamba kidole. Chumvi.

Sweta hiyo, nyeupe, nzito, yenye harufu ya dizeli, kabichi na Euan mwenyewe, Netta alikuwa ameapa kutoifua. Euan alikuwa fundi wa mitambo katika nyambizi ya kivita *Merganser*. Wiki iliyopita ofisa wa bandarini alipanda ngazi zote za jengo, akasimama mlangoni, akavua kofia na kutangaza kwamba meli imechelewa kurudi, na kwa hiyo inahesabiwa imepotea, pamoja na mabaharia wake wote.

"Imechelewa," Netta alimwambia Bi Grizel Cargill, jirani yake, mjane wa mvuvi. "Kama treni."

"Ndivyo wanavyosema, mwanangu. Vitu vya serikali havizami. Huchelewa."

Uchungu wote ule haukumzuia Netta kufikiri kwamba Euan angemkatiza yule bwana palepale. Meli? Meli ni zile tunazozizamisha. Nyambizi ni boti, na sisi ni watu wa boti! Siku ya harusi alimsahihisha hata mchungaji, mbele ya kanisa zima, kwa neno hilohilo.

Bi Grizel alipoiona sweta inavuja, hakukaa tena kitini.

"Usiifue. Usimpe mtu," alinong'ona, akiinua uso ili Netta amsome. "Lile jini la chini ya bahari litakuja kuiomba. Likivaa nguo ya mtu, limevaa na jina lake. Mwenyewe hatakujia tena, hata ndotoni."

"Nitalijuaje?"

"Litakuwa na sauti yake. Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Lilikuja Jumapili mchana, Bi Grizel akiwa kwa Netta, ukungu wa mtoni ukiwa umeziba madirisha. Kwanza mabomba ya sinki yaligonga, ko, ko, kama nyundo juu ya chuma kinene. Kisha harufu ya dizeli ikajaa jikoni, na chini yake harufu nyingine, ya tope ambalo halijawahi kuona jua.

"Netta."

Euan alizoea kumshika kidevu na kumgeuza kabla ya kusema naye, ili aone midomo, lakini sauti hii haikuwa na midomo, ilitoka nje ya mlango, ikapita kwenye ubao na kuingia katika masikio yake mabovu ikiwa safi kuliko kengele, ikamwambia mpenzi wangu, nasikia baridi, nipe sweta yangu, na kabla hajafikiri lolote mikono yake ilikuwa imeshaitungua sweta na vidole vyake vilikuwa juu ya komeo, maji meusi yakipenya chini ya mlango na kumzunguka miguu.

Bi Grizel alimng'ang'ania kiunoni. "Unamfungulia nani, we mwanamke? Mimi sisikii kitu!"

"Ulikuwa wapi?" Netta aliuliza mlango.

"Chini. Meli yetu imejaa maji, Netta. Wenzangu wanalia."

Komeo lilikuwa limefika nusu. Likasimama hapo.

"Yenu nini?"

"Meli yetu."

Netta alicheka, kicheko kibaya, cha kiwandani. Akalirudisha komeo kwa kishindo.

"We jini la chumvi! Neno hilo umeliokota kwa yule bwana wa bandarini, hapohapo kwenye ngazi! Ni *boti*, mjinga wewe! Mume wangu hata azame mara mia hawezi kusema meli. Toka mlangoni kwangu!"

Akaivaa ile sweta juu ya aproni, ikiwa bado mbichi, akaupa mlango mgongo wake. Kitu kikaburuzika kushuka ngazi. Uziwi wake ukamrudia, mtamu kama blanketi.

Bi Grizel alifungua mlango, akachungulia. Tope mpaka barabarani.

"Na zamu ya kuosha ngazi wiki hii ni yako," alisema.

Sweta ilikauka. Netta hakuivua, hata kiwandani.

Kisha jioni moja, wakinywa uji na Bi Grizel, birika likitoa mvuke bila sauti, Netta aliinua kichwa. Kwenye tundu la sinki kitu kilikuwa kinajifunza, polepole, kwa ulimi wa Euan, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Bo... ti. Boti. Boti yetu, Netta."

Mwalimu alikuwa yeye mwenyewe. Aliinuka, akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni, akainama juu ya sinki.

"Vizuri. Sasa niambie, siku ya harusi mchungaji alimjibu Euan nini?"

Akasikia, mbali kabisa chini ya mji, kitu kikigeuka na kurudi baharini kwenda kumwuliza mwenyewe.

Netta aliinua uso kuelekea kule kuliko bahari.

"Usiliambie, Euan," alisema, kwa midomo mitupu, bila sauti, kama wasemavyo wafumaji.