Mgeni Asiye na Gari

Mtu alibisha hodi mchana kweupe, na Fanny akamwitikia. Kosa lake ni hilo tu, na wewe ungelifanya.

Alikuwa amejilaza na soksi zake mbichi, akisubiri mvua ipungue arudi kupima miti. "Odi," ikasema sauti nje ya mlango wa wavu, taratibu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Karibu," akajibu Fanny bila kuinua macho kwenye daftari. "Ingia kabisa."

Ndipo akakumbuka alipo. Kituo kile cha utafiti kilikuwa katikati ya msitu wa Amazoni, mwendo wa saa saba kwa boti kutoka mji wa karibu. Wanafunzi walikuwa sita, wote wa chuo kimoja cha Houston, na mwenye kujua Kiswahili alikuwa yeye peke yake, mtoto wa wakimbizi wa Fizi, Kongo, aliyekulia kwenye apatimenti za mtaa wa Sharpstown, hukohuko Houston. Wavu ukafunguka, ukajifunga. Hakuingia mtu.

"Upepo huo," alisema Clara, mwenzake wa chumba, msichana wa Irving asiyeamini kitu asichoweza kukipima kwa rula.

Haya, upepo. Lakini upepo haukai kitandani. Kitanda cha tatu, ambacho hakikuwa na mwenyewe, kilibonyea katikati na hakikunyanyuka tena. Chumba kikaanza kunuka samaki mkavu na moshi, harufu ya jikoni kwa mama yake, ilhali wapishi wa pale walijua wali na maharage tu. Kila aliyeingia msituni alitakiwa kuandika jina lake ubaoni, ili asiporudi atafutwe. Siku ya pili Fanny alitoka kuoga akakuta jina lake limeandikwa, tena kwa mwandiko wake mwenyewe, na wino haujakauka.

Fanny aliogopa, tusifichane. Alitaka kwenda kwao, basi. Lakini mto ulikuwa umefurika, boti ya kuwarudisha ingekuja Jumamosi saa sita mchana, na kabla ya hapo hapakuwa na njia ya kutoka hata ungelia machozi ya damu.

Intaneti ya kituo iliwashwa saa moja kwa siku. Ijumaa alimpigia mama yake, Mama Cécile, akamkuta ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, bado amevaa sare.

"Mama, kuna kitu kwa room yetu," alinong'ona. "Ilisema odi. Nika-answer."

"Uliuliza ni nani?"

"No."

"Yesu wangu! Mutoto, watu wanaulizaka kwanza!" Mama Cécile akashusha sauti, kana kwamba na kule Sharpstown kuna anayesikiliza. "Usimufukuze. Mutu ulimukaribisha haumufukuzake. Umusindikize na heshima, mbali na nyumba, muagane. Njo vile ataenda. Miye na wamama wa chumba ya maombi tutakuwa tunaomba."

Masikini Mama Cécile, alimwambia yote isipokuwa lile ambalo kwao hata mtoto wa miaka mitano analijua. Na Fanny angelijulia wapi? Sharpstown mgeni husindikizwa mpaka kwenye gari lake. Likiwaka, mmeagana.

Jumamosi saa nne asubuhi, begi lake likiwa tayari gatini, alisimama mbele ya kitanda cha tatu. "Mgeni wetu," alisema, "twende nikusindikize."

Kitanda kikanyanyuka.

Wakashika njia ya kaskazini, ile aliyoipima kwa kamba wiki tano nzima, yeye mbele kwa kuwa ndiye aliyeijua, na nyuma yake nyayo zikichota tope, chwa, chwa, na harufu ya samaki na moshi ikimpumulia shingoni, na kila alipopunguza mwendo nazo zikapunguza, na kila alipoongeza nazo zikaongeza, hadi ndege wakanyamaza, mvua yenyewe ikanyamaza, na vibati vya namba alivyovipigilia kwenye miti vikaisha, akawa anapita miti asiyoijua hata mmoja, naye akiomba kimoyomoyo huyu mtu aage, aage tu, boti isije ikamwacha.

Nyayo zikasimama.

"Mwana wangu," ilisema sauti nyuma yake, kwa upole wa kutisha, "nimekusindikiza vya kutosha. Miye nirudilie hapa. Usalimie watu wa kwenu."

Anayeondoka hutangulia, mwenyeji hufuata nyuma. Hilo ndilo Mama Cécile hakulisema, kwa sababu nani husema jambo kama hilo? Fanny aligeuka. Hapakuwa na mtu, wala hapakuwa na njia, majani yalikuwa yamefunga kama hapajawahi kupita kiumbe. Zilibaki nyayo tu, za buti za mpira za saizi yake, zikirudi kituoni.

Alikimbia akizifuata, akachanwa na miiba, akaanguka, akainuka, na kila mara akajikuta kwenye tope lilelile. Kisha, ng'ambo ya miti, akasikia injini ya boti ikiwaka. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeitika.

Clara alisikika wazi juu ya maji. "Fanny, una uhakika hujasahau kitu?"

"Sijasahau," ilijibu sauti ya Fanny, kwa furaha, kule kwenye boti. "Twendeni. Mama ananisubiri nyumbani."