Roboti Iliyotembea kwa Kidole cha Mguu

Kila siku akitoka shule, Yunis alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama yake, Jenoveva: kugeuza dagaa walioanikwa juu ya vichanja pale kijijini Mugango, kando ya ziwa, na kuwafukuza kunguru. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na hiyo ndiyo aliyoipenda. Akishamaliza dagaa alinawa mikono, ingawa harufu haikutoka kabisa, kisha akakaa nyuma ya jiko kutengeneza roboti.

Usifikirie roboti zile za kwenye televisheni zinazoongea na kupeana mikono. Hii ilikuwa kidude cha kutosha kiganjani. Mota zake mbili ndogo fundi redio alizitoa kwenye deki mbovu ya video, na miguu minne ilikuwa waya za mwavuli uliokufa. Ndani hakukuwa na kompyuta wala programu yoyote. Kulikuwa na vipande vya umeme vya redio ya zamani, transista chache na kapasita, zilizounganishwa ili umeme uende kwa mota ya mbele, kisha ya nyuma, kisha urudi mbele, kwa zamu. Zamu zikikaa sawa, miguu inapiga hatua. Zikikosea, kidude kinatetemeka palepale kama mtu mwenye homa.

Roboti ya Yunis ilikuwa na homa hiyo. Jirani yake Faustine, waliyesoma naye darasa la sita, alikuwa na yake pia, na yake ilitembea. Ilichechemea, ndiyo, na ilipenda kuangukia pua, lakini ilitembea.

Mwalimu Matrida, aliyewafundisha sayansi, alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi mmoja tu ataiwakilisha shule kwa roboti yake kwenye maonyesho ya sayansi ya Musoma mjini. Yunis aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Mama Jenoveva naye alishawaambia wanawake wote wa kwenye vichanja kwamba binti yake ana kitu cha ajabu, subirini tu. Sasa mtoto wa watu afanye nini na roboti yenye homa?

Alichofanya ni hiki. Siku ya kuchagua alifunga uzi wa nailoni kwenye tumbo la roboti, uzi wa kushonea nyavu, ule mwembamba ambao usipoukazia macho huuoni. Akaupitisha ukingoni mwa meza upande wake, kitenge alichotandika kikificha miguu yake, akavua kiatu na kuufunga kwenye kidole gumba cha mguu. Zamu yake ilipofika akawasha betri. Roboti ikaanza kutetemeka, na yeye taratibu akawa anarudisha mguu nyuma.

Kidude kikaja kikitambaa juu ya meza, kimenyooka, miguu ikichezacheza kana kwamba ndiyo inayokipeleka. Darasa zima likapiga makofi. Ya Faustine ilipiga hatua kadhaa, ikainama, ikaanguka, na watoto wakacheka sana. Mwalimu Matrida akamchagua Yunis.

Makofi yale hayakumkaa Yunis vizuri hata kidogo. Alitabasamu huku kidole kikimuuma kwa ule uzi, na alipouficha uzi mfukoni aliona kama kila mtu anamtazama mkono. Jumapili, walipotoka kanisani, mama yake alimshika bega mbele ya wenzake akasema, "Huyu ndiye anayeenda Musoma." Yunis akaangalia chini. Wale kina mama wakasema mtoto ana heshima, na hilo likazidi kumchoma.

Kesho yake jioni Faustine alikuja kwao na boksi la viatu mkononi. Alimkuta akigeuza dagaa.

"Nimeikata miguu," Faustine alisema.

"Umekata miguu gani?"

"Ya roboti yangu. Nilikuwa naangalia yako inavyoenda, haiinuki juu, inatambaa tu. Nikajua kosa langu ni miguu mirefu. Nimeikata ilingane na yako. Sasa haiendi kabisa."

Alifungua boksi. Ile roboti iliyokuwa ikitembea kweli ilikuwa imelala humo na vijiguu vifupi, waya zikiwa zimechongoka. Yunis alitamani ardhi immeze. Kijana wa watu ameharibu kitu kizima kwa kuiga uongo.

"Labda ukiikunja kidogo," alisema, akajikausha.

"Hapana, mimi nimeshindwa. Yangu ilikuwaga inaangukaanguka tu." Faustine akatoa mota zake mbili, alizokwisha kuzing'oa, akamnyooshea. "Chukua hizi ziwe akiba. Isije ikakufia Musoma mbele ya watu."

Yunis hakuzichukua. Mikono ilikuwa imejaa magamba ya dagaa.

"Faustine, yangu haitembei," alisema. "Haijawahi kutembea. Niliivuta kwa uzi nilioufunga kwenye kidole cha mguu."

Yunis alisubiri atukanwe, na angefurahi kutukanwa. Lakini mwenzake alirudisha mota mfukoni, akafunika boksi, akaondoka. Yunis akalia palepale, kunguru wakajichotea dagaa hadi mama yake akatoka.

Alimweleza mama yake yote. Mama Jenoveva alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni.

"Nimewaambia watu wote," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Kesho utamwambia mwalimu mbele ya wenzako. Na mimi Jumapili nitawaambia wenzangu. Nilijisifu mbele yao, nitajirudi mbele yao." Hakumpiga. Yunis alimwona mama yake akiinamisha uso kwa ajili yake, na aliona afadhali angepigwa.

Asubuhi alisimama mbele ya darasa. Akaeleza habari ya uzi yote. Alipolitaja lile dole gumba, wengine walicheka, na kicheko hicho alikimeza chote. Mwalimu Matrida hakucheka.

"Faustine, yako inaweza kupona?" mwalimu aliuliza.

"Sijui, madam. Miguu nimeshaikata."

"Basi, Yunis, utafute waya, umsaidie mwenzako mpaka itembee. Ikitembea, ataenda yeye."

Yunis alizunguka Mugango yote akiomba miavuli mibovu. Kila alikobisha hodi aliulizwa ni ya nini, na kila mahali alieleza, maana alishachoka kuficha. Walifanya kazi nyuma ya jiko. Faustine alizungumza ya kazi tu: "Shika hapo. Usikaze. Kunja huku." Yunis alishika, akalegeza, akakunja. Mpaka roboti iliposimama kwenye miguu yake mipya, ikachechemea hadi mlangoni na kuangukia pua, ndipo Faustine alipocheka kidogo.

Faustine alikwenda Musoma na mwalimu, Yunis akabaki na dagaa. Waliporudi, Mwalimu Matrida aliwaeleza wanafunzi kwamba hawakupata zawadi. Majaji walimuuliza Faustine kwa nini roboti inachechemea, naye alijibu kwamba aliwahi kukosea miguu, na aliyemsaidia kuitengeneza upya anaitwa Yunis.

Yunis aliposikia jina lake aliinama mpaka paji la uso likagusa dawati. Hakustahili kutajwa, na alijua hivyo.

"Yunis, yako iko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Kwenye begi, madam."

"Ilete mbele. Iwashe."

"Lakini haitembei, madam."

"Najua. Iwashe."

Aliiweka juu ya meza tupu, akawasha. Kidude kikaanza kutetemeka palepale, hakikusogea hata kidogo, na darasa zima likaona. Yunis aliweka mikono mgongoni na hakuizima roboti.

"Mnaiona?" Mwalimu Matrida alisema. "Ya Faustine ilianguka mbele yenu, mkacheka, lakini tulijua inaumwa miguu na tukaitibu. Hii inaumwa toka siku ile, na hatukuweza kuitibu kwa sababu mwenye nayo alituonyesha nzima. Ukificha usichokiweza, utabaki hivyo hivyo hukiwezi, na utawapoteza na wanaokuamini. Sogeeni, wote. Nani anaona inapoumwa?"

Viti vikaburutwa. Wa kwanza kufika mezani alikuwa Faustine. Aliinama, akasikiliza mlio, akamtazama Yunis.

"Mota ya nyuma haipati zamu yake," alisema. "Shika hapo."