Picha ya Mlango Mkuu

Kufuli lilikuwa limevunjwa. Kasha la kompyuta halikuwepo, lakini skrini, printa na redio vilibaki mezani bila kuguswa.

"Mwizi gani anaacha redio?" aliuliza Inspekta Hellen.

Ofisi hiyo ya Makandana ilikuwa ya Lusungu, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam mwaka huo wa 2004. Kwa picha za zamani alizoazima vijijini, alikuwa akilijenga upya ndani ya kompyuta kanisa la misheni lililoteketea kwa moto kabla hajazaliwa.

"Kazi yote ilikuwa humo, afande. Sina nakala."

Picha zilibandikwa ukutani, zimepangwa vizuri. Katikati palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Picha ya harusi. Ndiyo pekee inayoonyesha mlango mkuu."

"Ya nani?"

"Mwalimu Amoni, mstaafu wa Mpuguso. Jumapili alikuja kuona kazi ilipofikia. Akauliza swali moja, akaaga."

"Swali gani?"

Lusungu alifikiri. "Silikumbuki."

Mvua ilikuwa ikinyesha Hellen alipofika Mpuguso. Nyumba ya mwalimu ilijificha ndani ya migomba. Mzee alimfungulia, akampa kiti. Mezani palikuwa na sahani moja ya ndizi na ile picha, imeegemezwa kwenye chupa ya chai.

"Mwalimu, kompyuta iko wapi?"

"Shimoni, nyuma ya nyumba. Niliipiga jembe kwanza."

"Kwa nini?"

"Yule kijana alinionyesha kanisa. Ngazi zipo, mlango upo, hadi bawaba zake. Nikamuuliza, mke wangu Veronika yuko wapi? Akaniambia, 'Nimemfuta, babu. Alikuwa anaziba mlango.'"

"Lakini picha yenyewe haikufutika. Hii hapa."

"Najua, mwanangu. Ila kanisa lile wangelitazama watu wote, wajukuu wa watu. Mimi sina mtoto. Nikiondoka, nani atasema Veronika alisimama pale?"

Hellen alinyoosha mkono kuelekea picha.

"Itabidi niichukue, Mwalimu. Ni kielelezo."

Mzee aliishika picha kwa mikono miwili.

"Nimezoea kula naye," alisema.

Hellen alivua kofia, akaiweka magotini.

"Basi kula kwanza."

Mzee akairudisha picha mahali pake, akavuta sahani. Ndizi zilikuwa zimeshapoa.